Uzi maalumu: Manga Action, jarida la wanaume wa Kijapani lililozeeka na wasomaji wake

Kalamu Nyeusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kule kwenye uzi wa anime, zile filamu za katuni za Kijapani, kuna mdau kaandika kwamba manga, yaani hadithi za katuni za kuchapwa, za watu wazima za Japani ni uchi na damu tu, hakuna cha maana. Kumjibu kulekule ningewaharibia watu uzi wao, kwa hiyo nimefungua huu. Nitakaa na jarida moja tu, Manga Action la kampuni ya Futabasha ya Tokyo. Mara nyingi ndilo linalotajwa kuwa jarida la kwanza la kila wiki la seinen, yaani manga za wanaume waliokwisha kuvuka umri wa hadithi za watoto wa shule. Humo ndimo alimozaliwa mwizi Lupin III, humo ndimo alimotoka yule ronin, samurai asiye na bwana, anayesukuma kigari cha mwanawe, humo ndimo alimotoka mtoto mtundu Shin-chan.

Hoja yangu ni kwamba jarida hili liliongezeka umri pamoja na wasomaji wake. Shika hadithi iliyolibeba katika kila kipindi, utajua msomaji wake kafika wapi maishani. Na lilipoanza kumpoteza msomaji huyo, likaanguka.

Nashusha kwa awamu, msinikimbize.

Chapati Maharage

Kiti cha mbele kabisa. Shusha mkuu.

Omosh wa Kisumu

Nimefika. Lakini Lupin ni ya watu wazima kweli? Mimi nimeiona kwenye runinga nikiwa na ndugu zangu wadogo, hakuna kitu cha kutisha mle.

Kalamu Nyeusi

Omosh, nitafika kwa Lupin sasa hivi, na utashangaa.

Kwanza tujue msomaji alitoka wapi. Vita viliisha 1945, wanajeshi wakarudi makwao, na kati ya 1947 na 1949 Japani ikazaa watoto ambao haijapata kuzaa tena kwa wingi ule. Tarehe 17 Machi 1959 yakatoka majarida mawili ya kila wiki ya wavulana siku moja, Shonen Magazine la Kodansha na Shonen Sunday la Shogakukan. Hesabuni wenyewe: watoto wale walikuwa na miaka kumi hivi, kumi na mbili. Wakaanza kusoma manga kila wiki, na walipofika vyuoni na viwandani katikati ya miaka ya 60 hawakuacha. Wakubwa zao walidhani ukimaliza shule unaweka manga chini. Hawa hawakuweka.

Upande wa pili walikuwepo wachoraji wasio na pa kuchorea. Zamani kulikuwa na maduka ya kukodisha vitabu, unalipa senti chache unaondoka na kitabu cha katuni, unarudisha kesho. Kwenye soko hilo ndiko walikokulia wachoraji wa gekiga, hadithi nzito za uhalifu na maisha ya watu wa chini. Jina hilo la gekiga alilianzisha Yoshihiro Tatsumi mwaka 1957. Runinga na majarida ya kila wiki vikayaua maduka yale. Mwaka 1964 likaanzishwa Garo, likawapokea baadhi yao, ila Garo lilikuwa la kila mwezi na pesa yake ilikuwa ya mawazo.

Kwa hiyo msomaji yupo na mchoraji yupo. Agosti 1967 Futabasha wakaleta Manga Action.

Kampuni yenyewe haikuwa kubwa kama Kodansha au Shogakukan. Ilianza 1948 na ilizoea kuuza majarida ya burudani. Naamini udogo huo ndio uliowasaidia, kwa sababu mkubwa mwenye jarida la watoto linalouza sana ana jina la kulinda.

Mhariri mkuu wa kwanza aliitwa Bunjin Shimizu. Alivutiwa na michoro ya kijana mmoja kutoka Hokkaido, Kazuhiko Kato, ambaye mkono wake ulikuwa umejaa mafunzo ya jarida la vichekesho la Marekani, Mad: miguu mirefu myembamba, mikono inayorukaruka, watu kama wametengenezwa kwa waya. Shimizu akampa jina la kazini, Monkey Punch. Kato hakulipenda hata kidogo, lakini kazi yenyewe ilitazamiwa kudumu miezi mitatu, akaona potelea mbali. Alikufa nalo mwaka 2019.

Bi Shamim

Hahaha, miezi mitatu! Endelea kaka.

Kalamu Nyeusi

Lupin III ilianza kwenye toleo la kwanza kabisa la jarida. Wazo lake ni la kihuni tangu mwanzo: mjukuu wa Arsène Lupin, yule mwizi muungwana wa mwandishi Mfaransa Maurice Leblanc. Leblanc alifariki 1941, haki zake zilikuwa bado hai, na hakuna aliyeulizwa Ufaransa. Ndiyo maana anime ilipotoka nje ya Japani ilibidi mwizi wetu abadilishwe jina. Ufaransa kwenyewe walimwita Edgar.

Sasa Omosh, Lupin uliyemwona wewe ni wa runinga, tena aliyepitia mikononi mwa Hayao Miyazaki, aliyeongoza filamu ya Castle of Cagliostro mwaka 1979. Yule ni mwizi mwenye moyo mwema, anakula tambi, anaokoa binti mfalme. Lupin wa kwenye jarida ni mkware, mwongo, anaua bila kupepesa, na nusu ya vituko vyake huwezi kumwonyesha mdogo wako. Lakini ni burudani tupu, hakuna fundisho. Kijana wa miaka 20 mwaka 1967, hana mke, hana deni, anataka kuona mtu anayewacheka polisi na matajiri. Akampata.

Mzee Kifimbo

Mkuu mimi nina swali la kiufundi. Majarida haya yalikuwa yanauzwaje? Maana kila wiki kurasa zote zile, mtu anaweka wapi?

Kalamu Nyeusi

Mzee wangu, shikamoo. Haweki popote, anatupa. Karatasi duni, katikati pini mbili, bei ya chini. Unanunua kwenye kibanda cha stesheni asubuhi, unasoma ndani ya treni, ukishuka unaliacha. Faida ya kudumu iko kwenye vitabu: hadithi iliyopendwa inakusanywa, inachapwa tena kwa karatasi nzuri, hiyo ndiyo mtu anaiweka kabatini.

Alama nyingine ya kukutambulisha kwamba hili si jarida la mtoto ni maandishi yenyewe. Kwenye majarida ya wavulana, kila herufi ngumu ya Kichina hubandikiwa pembeni viherufi vidogo vya kumsaidia mtoto kusoma. Kwenye ya seinen mara nyingi havipo. Ukurasa wenyewe unakwambia nenda shule kwanza.

Kalamu Nyeusi

Awamu ya pili, na hapa naomba mtulie kidogo.

Septemba 1970 ikaanza Kozure Okami, ambayo huku duniani inafahamika kama Lone Wolf and Cub. Mwandishi Kazuo Koike, mchoraji Goseki Kojima. Koike alikuwa ametoka kwenye karakana ya Takao Saito alikoandika Golgo 13, hadithi ya muuaji wa kukodiwa. Kojima alikuwa mtu wa vitabu vya kukodisha, na alizaliwa tarehe 3 Novemba 1928, siku ileile aliyozaliwa Osamu Tezuka, baba wa manga zote. Mmoja akachora roboti mwenye macho makubwa, mwingine akachora majani yanayoinama kwa upepo kabla ya mtu kukatwa kichwa.

Ogami Itto ni mkata vichwa rasmi wa shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani ya zamani. Ukoo wa Yagyu unakitaka cheo chake, unamzushia uhaini, mkewe anauawa. Anabaki na kitoto cha kiume, Daigoro, ambacho hata kutembea bado. Sasa kuna mahali ambapo Itto anamwekea mwanawe vitu viwili sakafuni, upande huu mpira wa kuchezea, upande huu upanga. Anamwambia: ukienda kwenye mpira, nitakupeleka kwa mama yako. Maana yake atamuua. Ukienda kwenye upanga, tutaishi wote njia ya jehanamu. Mtoto haelewi neno hata moja. Kojima anakwenda taratibu, kisanduku baada ya kisanduku, mkono mdogo, mpira, jicho la baba, upanga, mtoto anatambaa, anasita, anautazama mpira. Hakuna maneno. Halafu anashika upanga, na baba anamkumbatia huku akimhurumia kwa kuchagua hivyo.

Kuanzia hapo wanazunguka nchi nzima, Itto anaua kwa kukodiwa, ryo 500, pesa ya dhahabu ya wakati ule, kwa kichwa, mtoto ndani ya kigari cha mbao chenye silaha zilizofichwa. Iliendelea hadi 1976, vitabu 28, kurasa zaidi ya 8,000.

Tazameni mwaka: 1970. Miaka miwili nyuma vyuo vya Japani vilikuwa vinawaka moto, wanafunzi wamefunga mageti wanapigana na polisi. Walishindwa. Wengi wakanyoa, wakavaa suti, wakaingia kwenye makampuni yaleyale waliyoyatukana. Mtu huyo anapanda treni na jarida lenye hadithi ya mwanamume aliyetupwa na serikali aliyoitumikia, hana tena mahali, kabaki na mtoto tu. Sidhani kama ilihitaji matangazo.

Omosh wa Kisumu

Nimeelewa sasa kwa nini ile tamthilia ya Star Wars, The Mandalorian, ilinifanya nihisi nimeshaiona mahali.

Kalamu Nyeusi

Hiyo ni mjukuu wake, wala hawafichi. Kabla yao alikuwepo mchora katuni wa Marekani, Frank Miller, aliyechora majalada ya toleo la Marekani mwaka 1987. Na Japani kwenyewe zilitoka filamu sita kati ya 1972 na 1974, Tomisaburo Wakayama akicheza kama Itto.

Koike baadaye, 1977, alifungua darasa la kufundisha uandishi wa manga. Kati ya waliopita pale ni mchoraji wa manga Rumiko Takahashi, na Yuji Horii aliyekuja kubuni mchezo wa video wa Dragon Quest. Alifariki tarehe 17 Aprili 2019, siku sita tu baada ya Monkey Punch. Nguzo mbili za jarida moja, wiki moja.

Mnyalukolo

Mkuu nondo nzuri, lakini usikwepe. Ulianza kwa kumjibu mtu aliyesema ni uchi na damu. Sasa Lupin mkware, Itto anakata vichwa kurasa 8,000. Uchi na damu si ndiyo hivyo?

Kalamu Nyeusi

Mnyalukolo, sijasema havimo. Vimo, tena vingi, na wanawake wa Koike wanateseka kupita kiasi, hilo nalisema waziwazi kama msomaji anayempenda. Nilichokataa ni ile "tu" ya mwisho.

Chukua mwaka 1972 katika jarida hilohilo. Kazuo Kamimura anaanza Dosei Jidai. Hakuna upanga wala mwizi. Kijana Jiro na binti Kyoko, wachoraji wa kazi ndogondogo, wanaishi chumba kimoja bila ndoa. Wanagombana, wanarudiana, pesa haitoshi, mapenzi yanachakaa mbele ya macho yako, Kyoko anavunjika akili. Kamimura alichora mvua na nywele za mwanamke kwa namna ambayo hata usipojua Kijapani unakaa unaangalia. Hadithi ikatengenezewa filamu 1973, na kuishi pamoja bila ndoa kukawa gumzo la nchi nzima. Jamaa wa 1967 sasa ana miaka 25 na ana mtu chumbani. Kamimura mwenyewe alifariki 1986, umri miaka 45.

Bi Shamim

Hiyo ya Kyoko na Jiro ndiyo nitakayoitafuta. Hizo za mapanga nawaachia nyie.

Chapati Maharage

Golgo 13 ilikuwa humu pia?

Kalamu Nyeusi

Hapana, hiyo ni ya Big Comic la Shogakukan, lililoanza 1968, mwaka mmoja tu baada ya Action kuonyesha kwamba soko lipo. Wakubwa hawakuchelewa. Young Jump likaja 1979, Young Magazine 1980, Morning 1982. Hiyo ndiyo shida ya kutangulia, wenye pesa wanakufuata.

Action lilibaki na nini? Naona lilibaki na jicho la kuona watu wa kawaida. Mwaka 1978 ikaanza Jarinko Chie ya Etsumi Haruki. Jarida la wanaume, mhusika mkuu binti wa shule ya msingi mtaa wa hali ya chini Osaka. Chie anachoma utumbo na maini kwenye kibanda cha familia kwa sababu baba yake, Tetsu, hataki kazi. Kazi ya Tetsu ni kucheza kamari na kuwapiga wahuni wa yakuza, si kwa ajili ya haki, anapenda tu kupiga. Mama kaondoka nyumbani, wanaonana kwa kificho. Na bado inachekesha hadi unashika mbavu, kwa sababu Chie mwenyewe hana muda wa kujihurumia, wateja wanasubiri. Paka wao anapigana vizuri kuliko baba. Iliendelea hadi 1997, vitabu 67. Isao Takahata akaifanya filamu ya anime 1981, miaka kadhaa kabla ya Studio Ghibli, studio ya anime ya yeye na Miyazaki, kuwepo.

Msomaji wa 1967 sasa ni baba. Anaangalia hadithi ya baba mbovu na mtoto anayejua kila kitu.

Mzee Kifimbo

Hapo kwa Tetsu umenigusa. Mtaani kwetu alikuwepo wa hivyo, tofauti ni kwamba huyo wa kwetu alikuwa anapigwa yeye.

Kalamu Nyeusi

Hahaha, mzee.

Sasa Shin-chan. Crayon Shin-chan ilianza 1990, mchoraji Yoshito Usui. Watu wanasahau kabisa kwamba mtoto huyu wa miaka mitano alianzia kwenye jarida la wanaume. Hakuwa wa watoto. Vichekesho vya matako na kuwatongoza dada wakubwa viliandikwa kwa ajili ya baba aliyechoka ndani ya treni. Anime ilipoanza 1992 TV Asahi ndipo watoto walipomchukua, na kina mama wa Japani wakaanza kukitaja kila wakiulizwa ni kipindi gani hawataki watoto wao wakione.

Mnyalukolo

Kwa hiyo huyu ni Madenge wa gazeti la Sani, ila wa Kijapani.

Kalamu Nyeusi

Kwa utundu, ndiyo. Ila kwangu mhusika wa kumwangalia mle ni baba yake, Hiroshi Nohara. Nyumba ipo Kasukabe, mkoa wa Saitama, mbali na mji. Deni la nyumba limebaki miaka 32. Soksi zinanuka. Bosi anamsumbua, mke anamkagua matumizi, na jioni anarudi na bia moja. Huyo ndiye msomaji wa jarida, kachorwa alivyo. Usui akaficha utani wa ndani pia: shujaa wa runinga anayependwa na Shin-chan anaitwa Action Kamen, jina la jarida lenyewe, na Hiroshi ameajiriwa Futaba Shoji, jina la mchapishaji.

Mwaka 2000 Futabasha wakamhamishia Shin-chan kwenye jarida lao jingine, Manga Town. Kibiashara inaeleweka, kule kuna familia. Lakini Action lilibaki bila mtu wa kulibeba. Usui alifariki Septemba 2009, alianguka kutoka kwenye jabali la mlima Arafune alipokwenda kupanda. Wasaidizi wake waliendeleza hadithi.

Omosh wa Kisumu

Na Oldboy je? Umeisahau. Ile si ni ya Wakorea?

Kalamu Nyeusi

Filamu ni ya Mkorea, Park Chan-wook, 2003, na ikachukua tuzo ya Grand Prix kwenye tamasha la filamu la Cannes 2004. Manga ni ya Kijapani, ilitoka Manga Action kuanzia 1996 hadi 1998, mwandishi Garon Tsuchiya, mchoraji Nobuaki Minegishi, vitabu vinane. Kwenye manga jamaa amefungwa miaka 10, filamu ikaongeza hadi 15. Na siri ya mwisho si ileile, kwa hiyo hata kama filamu umeshaiona, manga bado haijaharibika. Ya manga ni ndogo zaidi, karibu ya kitoto, na ndiyo maana mimi inaniuma zaidi. Siisemi hapa.

Kichekesho ni kwamba dunia nzima inaizungumzia Oldboy mwaka 2003 na 2004 huku jarida lililoizaa limesimama. Manga Action lilisitishwa 2003. Mauzo ya majarida ya manga Japani yalifika kilele katikati ya miaka ya 90, Shonen Jump lilipiga nakala milioni 6.53 kwa wiki mwaka 1995, baada ya hapo ni kushuka. Ndani ya treni watu wakaanza kutoa simu. Kizazi cha 1947 kinakaribia kustaafu, hakipandi tena treni ya saa moja asubuhi, na vijana wana Young Jump na Young Magazine.

Bi Shamim

Kwa hiyo ndiyo likafa?

Kalamu Nyeusi

Lilirudi 2004, safari hii mara mbili kwa mwezi. Na hapa ndipo ninapotaka yule mdau wa uchi na damu aje asome.

Mwaka uleule wa 2003 jarida lilikuwa limemchapa Fumiyo Kouno, mwanamke mzaliwa wa Hiroshima, 1968. Mhariri alimwomba achore kuhusu Hiroshima na yeye alisita, kwa sababu hakuwa mhanga wa bomu wala hakukulia kwenye familia ya wahanga. Alichotoa kilikuwa kifupi sana, Yunagi no Machi, binti mmoja miaka kumi baada ya bomu, anayeona aibu kuwa hai. Sehemu iliyofuata ikatoka baada ya jarida kurudi. Ikashinda tuzo kuu ya manga ya Japan Media Arts Festival 2004 na tuzo ya Tezuka 2005.

Halafu kuanzia 2007 hadi 2009, kwenye Action hilohilo, In This Corner of the World. Suzu, msichana anayependa kuchora, anaolewa Kure, mji wa meli za kivita. Kila sura imeandikwa mwezi na mwaka wake, na wewe msomaji unajua Agosti 1945 inakuja, yeye hajui, anahangaika namna ya kupika mchele kidogo ushibishe watu wengi. Sehemu kubwa ya hadithi ni jikoni. Vita vinaingia kidogokidogo kupitia sufuria.

Kisha bomu la kuchelewa kulipuka linamchukua mkono wa kulia, ule wa kuchorea, na mtoto wa wifi yake aliyekuwa ameushika. Kuanzia ukurasa huo mandhari ya nyuma yanapinda, mistari inatetemeka, nyumba hazisimami wima. Kouno alikuwa anachora mandhari yale kwa mkono wake wa kushoto.

Mnyalukolo

Aisee.

Omosh wa Kisumu

Filamu yake niliiona, ile ya 2016. Sikujua hilo la mkono.

Kalamu Nyeusi

Ya Sunao Katabuchi. Pesa za kuanzia zilikuwa ngumu kupatikana, watu wa kawaida wakachanga mtandaoni zaidi ya yen milioni 39. Ukiangalia tena, subiri baada ya ajali, ukitazame ukuta na paa.

Chapati Maharage

Mkuu mimi ni mgeni kabisa kwenye manga. Nianze na ipi kati ya hizi?

Kalamu Nyeusi

Kama una subira anza na Kozure Okami kitabu cha kwanza, kipo kwa Kiingereza na kila sura inajitegemea. Kama huna, In This Corner, unaimaliza mwishoni mwa wiki. Lupin wa manga mwache hadi uzoee, utamchukia. Bi Shamim, Dosei Jidai imetafsiriwa Kifaransa, kwa hiyo kama una ndugu Bujumbura au Lubumbashi anayekisoma, mwombe akae nawe.

Bi Shamim

Ninaye Lubumbashi, tena ana deni langu.